Fungu la Mto

Nyumbani, tarehe 9 Februari

Kwa Udongo, mdogo wangu,

Nimekupigia simu, ukaikata. Nikapiga tena, ukaizima kabisa. Basi nimeona nikuandikie, maana barua huwezi kuikata. Labda uichane, na mimi nakujua, hujawahi kuchana kitu kabla ya kukisoma. Dereva wa lori la maziwa amekubali kuwa tarishi wetu, ingawa amenung'unika sana. Anasema moshi wa tanuri lako anauona akiwa amesimama mlangoni kwangu, lakini ili akufikie inabidi azunguke mpaka daraja kubwa la barabarani, nusu siku imekwenda. Nikamwambia malalamiko hayo akupelekee wewe.

Sianzi ugomvi. Ila lile daraja la miguu la Baba lilivunjwa na mafuriko mwaka uleule wa msiba wake, na tangu hapo wewe unasema mimi ndiye niliyelitumia zaidi, mimi nasema wewe ndiye mwenye mabega ya kubeba mbao. Tumebaki hivyo hivyo. Wewe uko ng'ambo ya magharibi, juu kule nyuma ya kona ya mto, na shimo lako la udongo. Mimi niko huku chini, ng'ambo ya mashariki, katika nyumba tuliyozaliwa. Ukiniuliza nani kashinda, sijui.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwalimu mkuu anataka historia ya bonde letu iandikwe kwenye ukuta wa shule. Watu wa mjini wanatuita watu wa bonde la magharibi na hapo ndipo ujuzi wao juu yetu unapoishia. Kaniangukia mimi, ati kwa kuwa nimeishi hapa tangu nizaliwe. Nimeishi, ndiyo, lakini nilikuwa jikoni na Mama. Wewe ndiye uliyekuwa mkia wa Baba. Alikwambia nini juu ya mto? Zamani ulipita wapi?

Kwangu ni salama. Kitalu kimepanuka, miche ya michungwa na ya mbao imejaa mpaka ukingoni mwa maji. Lile pori la matete na vichaka ambalo Baba hakutaka liguswe nimelifyeka lote, lilikuwa likifuga nyoka tu. Na maji sibebi tena kichwani, nimejifanyia utaratibu wangu. Sikuwa na wa kumngoja.

Msalimie wifi. Mwambie akuangalie usije ukala matofali. Ulipokuwa mdogo ulikula udongo mpaka Mama akakupa hilo jina, na sasa umekua umejifunza kuupika.

Dada yako


Tanurini, tarehe 2 Machi

Dada,

Barua nimeipata. Sikuichana.

Simu siikati kwa jeuri. Nikiwa shimoni mikono inakuwa imejaa tope. Basi, siku nyingine ni jeuri.

Kuhusu mto. Baba hakuwa mtu wa hadithi, unamjua. Alikuwa akionyesha. Alinishusha kwenye shimo, akanisimamisha mbele ya ukuta wake, akaniambia, "Haya, soma." Juu kabisa kuna udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake ni udongo mwekundu mlaini, huu tunaofyatulia matofali. Huo uliletwa na mto, ukatandazwa mafuriko baada ya mafuriko. Chini ya huo kuna mstari mwembamba wa majivu na makaa. Bonde zima liliwahi kuungua, kabla babu hajahamia hapa. Baba alisema wenye kiwanda cha mbao walikata msitu wote wa mlimani wakaacha matawi yakauke, na cheche moja ikatosha. Na chini ya majivu kuna changarawe na magamba ya konokono wa majini. Maana yake ni kwamba mto uliwahi kupita palepale ninapopanga matofali yangu. Lile tope la matete nyuma ya shule, linalojaa maji wakati wa masika, nalo lilikuwa mto. Baba alisema mto umelala kila mahali katika bonde hili, ukigeukageuka kama mgonjwa kitandani.

Ndiyo maana aliacha pori ng'ambo zote mbili. Aliliita fungu la mto. Sisi tuna fungu letu, na mto nao una lake la kugeukia. Mwandikie hivyo mwalimu mkuu. Ukipenda mwandikie pia kwamba fungu la upande wangu nimelichimba lote, kwa sababu udongo wake ndio mzuri kuliko mwingine wowote na wateja hawangoji.

Kazi inaendelea. Tanuri linawaka. Hatuna shida.

Udongo


Nyumbani, tarehe 20 Machi

Udongo,

Maneno uliyoniandikia ni mengi kuliko yote uliyonisemesha tangu msiba. Nimemsomea mwalimu mkuu, akasimama, akaketi, akasimama tena. Anasema ataichora ile picha ya ukuta wa shimo lako kwenye ukuta wa shule, tabaka juu ya tabaka, kila moja na rangi yake.

Mimi nimeongeza ya kwangu. Nimeandika juu ya korongo waliokuwa wakitaga kwenye mkuyu. Nimeandika juu ya ndege mdiria aliyechimba tundu lake ukingoni, chini ya dirisha la Mama, na Mama akatukataza kutupa maji ya vyombo upande ule. Nimemwandika na fisi maji, yule uliyemlilia ukidhani ni mbwa anazama, Baba akacheka mpaka akashika mbavu. Nilipomaliza nikaona nimeandika kana kwamba wote bado wapo. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimwona fisi maji, nikashindwa. Vyura nao wamenyamaza tangu nilipofyeka matete. Sikuliandika hilo.

Lakini unaniambia tanuri linawaka! Mdogo wangu, macho ninayo. Moshi wako sijauona tangu mwezi uliopita. Kama umepata kazi nyingine, au umeamua kuuza upande wako, niambie mwenyewe. Nisije nikaletewa habari hizo na dereva wa maziwa pamoja na makopo yake.

Huku ni neema tupu. Mto umenisogelea. Zamani ilikuwa kushuka bonde na kupanda na ndoo, sasa nafungua mlango wa nyuma nachota. Utadhani unakuja kunisalimia. Mkuyu wa Baba umelala chini wenyewe, nami nimepata kuni za kunifikisha mwakani. Kwa hiyo usidhani ninahangaika, wala usidhani nilikuwa nakungoja wewe na mbao zako.

Dada yako


Tanurini, tarehe 28 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Nakuandikia mdogo wako akiwa mtoni. Akijua nimekuandikia atanuna, na kununa kwake unakufahamu wewe uliyemlea.

Barua yako alinisomea. Alipofika pale pa mto kukusogelea akaishusha, akasema, "Unaona? Ananicheka." Nikamuuliza, anakuchekaje? Akasema, "Yeye mto unampelekea maji mlangoni, mimi umenizamisha." Wifi, tanuri haliwaki. Tangu Januari maji yanapanda shimoni, na ni kiangazi, mbinguni hakuna hata wingu. Matofali mabichi aliyoyapanga yakauke yamerudi kuwa tope. Nilimkuta ameketi katikati yake. Hakutaka ujue. Anasema utamwambia kwamba alichimba fungu la mto na Baba alikuwa amemkataza.

Basi akakusanya matofali yote mabovu, yaliyopinda na yaliyoungua, akaanza kujenga ukuta pale kwenye kona ili ausukume mto ukae mbali na shimo. Ndiyo kazi yake sasa, asubuhi mpaka jioni. Ukuta umekuwa mrefu hata wapita njia wanasimama kuutazama. Anaupenda kuliko anavyonipenda mimi, maana mimi hajanipiga lipu hata siku moja.

Mimi si mtu wa mito, nimekulia kwenye maji ya bomba. Lakini juzi nikiwa naanua nguo nilijiuliza, mto ukisukumwa hapa, unakwenda kumwangukia nani? Halafu dereva wa maziwa akasema kuna magogo na mawe yamepangwa kukatiza mto pale chini kwako, na maji yamejaa nyuma yake kama bwawa. Sitaki kusema jambo nisilolijua nikawagombanisha zaidi. Kwa hiyo nakuuliza wewe tu, yale magogo ni ya nani?

Mvua imeanza mlimani, tunaiona kutoka hapa.

Wifi yako


Nyumbani, tarehe 11 Aprili

Udongo, mdogo wangu,

Soma hii ukiwa umesimama, halafu uende ukutani. Usimkasirikie mkeo, yeye ndiye mwenye akili katika familia yetu. Barua yake imenifikia leo tu, lori lilikwama njiani kwa mvua. Simu yako nimeipiga tangu asubuhi, haipatikani.

Magogo ni yangu. Niliyapanga mwanzoni mwa mwaka ili maji yapande yaingie kwenye mfereji wa kitalu. Huo ndio utaratibu niliojisifia. Sikujua kwamba yakipanda kwangu yanapanda na kwako, nyuma ya kona sioni. Naapa kwa kaburi la Mama, sikujua. Leo nimeingia mtoni nimeyang'oa yote, nikisaidiwa na mwalimu mkuu ambaye amepoteza kiatu kimoja na miwani yake. Kwa hiyo shimo lako litakauka, na ukuta wako hauna kazi tena.

Ubomoe. Leo, tafadhali, usingoje kesho. Sikukwambia ukweli. Mto haukuja kunisalimia. Umekula nusu ya kitalu, umeuangusha mkuyu, na sasa ukuta wa chumba cha Mama una ufa unaoingiza mkono. Niliandika vile kwa majivuno, nisije nikaonekana nimeshindwa kuitunza nyumba niliyoachiwa. Maji yanakuja moja kwa moja kutoka kwenye kona yako yanapiga chini ya msingi, na mimi siku zote hizi nikidhani ni mto tu umenichukia.

Matete ya kuyapunguza nguvu hayapo. Vichaka vya kushika udongo havipo. Nilifyeka mwenyewe, kwa panga nililolinoa mwenyewe. Baba aliacha fungu la mto ng'ambo zote mbili, sisi tukalila lote, halafu kila mmoja wetu akaufukuzia mto kwa mwenzake.

Naogopa, Udongo. Neno hilo sijawahi kukwambia tangu ulipozaliwa.

Dada yako


Tanurini, tarehe 13 Aprili

Dada,

Mwezi huu sijapata barua yako. Wanasema barabara ya daraja kubwa imefungwa kwa maji, na mtandao wa simu nao umekatika kwa mvua. Hii naiandika hivyo hivyo, lori litaibeba njia ikifunguka, maana nina habari njema na nimeshindwa kukaa nayo.

Maji yametoka shimoni! Juzi yalikuwepo, jana asubuhi nimeamka yameshuka, na ule mstari wa changarawe wa Baba unang'aa kwenye jua. Nilikuficha kwamba shimo lilizama. Niliona aibu. Nilijenga ukuta wa matofali mabovu pale kwenye kona, watu wakanicheka, na sasa umefanya kazi. Mvua yote hii na shimo ni kavu! Nimefurahi mpaka nimemkumbatia mke wangu mbele za watu, akaniuliza kama ninaumwa. Leo nimeongeza safu nyingine juu yake na kesho nitaurefusha, mvua kubwa isinikute nimelala.

Kwa furaha hii nimewaza. Uliposema mto umekusogelea niliweka kinyongo, nilidhani unanicheka. Lakini kama wewe umepata maji mlangoni na mimi nimepata shimo kavu, tunagombania nini? Kiangazi kikifika nitakuja na mbao, tulitengeneze daraja la Baba. Usiniambie asante, utaniharibia. Nataka niketi kwenye dirisha la Mama, uniletee chai, nitazame upande wangu nikiwa kwako. Tangu msiba sijauona kutoka huko.

Udongo


Tanurini, tarehe 2 Mei

Dada,

Wameniambia unalala shuleni, katika chumba cha madarasa ya chini, umezungukwa na viti vidogo. Sijui kama unakula.

Barua yako ilinifikia njia ilipofunguka, imelowa, wino umetawanyika. Neno "ubomoe" lilisomeka. Nilikimbia. Nilianza kung'oa matofali kwa mikono, mke wangu akaja na sururu, tukang'oa pamoja. Nilikuwa nimeujenga vizuri, Dada. Yale niliyoyaita mabovu yalishikana kuliko ninayouza. Tulipofungua nafasi, maji kidogo yakapita pale, mengine yote yakakataa. Yalikuwa yameshazoea njia mpya.

Nikakwea kilima, nikateremka upande wa pili mpaka nikawa mkabala na nyumba. Ukuta wa chumba cha Mama ulikuwa umekwenda. Niliona chumba kiko wazi, ile chokaa yake ya buluu, na msumari aliotundikia kioo. Wewe ulikuwa umesimama uani na begi, unanipungia. Nilipiga kelele. Na wewe nilikuona ukifungua mdomo, lakini mto ulikuwa unanguruma, sikusikia neno. Ulipunga ukapunga. Halafu nyumba ikaingia majini taratibu, kama mtu anayeketi. Mimi niliyeusukuma ule mto nilikuwa nimesimama natazama.

Tangu siku ile nafyatua tofali, nalivunja. Sikujua kama ulikuwa unaniita au unanifukuza. Kama ulikuwa unanifukuza, niandikie tu, nitaelewa.

Kuna barua yangu nyingine, niliiandika kabla sijajua lolote. Kama haijakufikia, ikifika usiifungue. Kama umeifungua, nisamehe kwa furaha ile.

Mke wangu ameandaa chumba. Njoo, hata kama hutanisemesha.

Udongo


Shuleni, tarehe 10 Mei

Udongo,

Ninakula. Mwalimu mkuu anapika vibaya lakini anapika kingi.

Ile barua nimeifungua. Ungeniambia nisiifungue, wewe unayenijua? Nilicheka pale ulipomkumbatia mkeo akadhani unaumwa. Nilipofika kwenye chai na dirisha la Mama nikalia kwa sauti, mwalimu mkuu akatoka nje na chaki yake. Usiombe msamaha kwa furaha. Mimi ndiye niliyelijaza shimo lako, na mimi ndiye niliyelikausha, wewe ukaushukuru ukuta.

Ninachojuta si nyumba peke yake. Ungenipigia simu ukaniuliza, "Dada, maji haya yanatoka wapi?" ningekujibu hapohapo. Ningekwambia mapema, "Mdogo wangu, nyumba inaliwa," ungeacha kila kitu ukaja, hata kwa kuogelea. Sisi tukakaa tunaandikiana kwamba hatuna shida. Najuta kila mstari wa barua ile ya mto kunisalimia. Naikumbuka neno kwa neno, na natamani ningekuwa nimeuma kalamu.

Sasa nikujibu ulichouliza. Sikuwa nakuita, wala sikuwa nakufukuza. Ulisimama kwenye ukingo, na mimi huku ng'ambo niliona usichoweza kukiona. Chini ya miguu yako palikuwa pamechimbwa na maji, na ufa ulikuwa umekuzunguka kwa nyuma. Nilikuwa nakwambia urudi nyuma. Nyumba ilipoanza kwenda sikugeuka kuitazama, nilikuwa natazama miguu yako. Kwa hiyo sikuiona ikiondoka, nimeijua kwa barua yako. Kishindo chake ndicho kilichokushtua ukarudi hatua, na hapo ulipokuwa pakaporomoka, wewe macho yako yakiwa bado kwenye nyumba. Ndipo na mimi nikaketi chini.

Nitakuja. Mwambie wifi anitafutie kona ya kuotesha miche, mbali na mto. Nitaanza na matete na mikuyu, tuirudishe kwenye ukingo, upande wako kwanza, na tukishaipanda tusiiguse tena maisha yetu yote. Sidhani mimi na wewe tutawaona korongo wakirudi. Mbao zako zitunze, lakini daraja tusilijenge sasa. Tungoje tuone mto utalala wapi, naona bado unatafuta ubavu.

Mwalimu mkuu amemaliza kuchora ukuta wa shimo lako, umependeza. Changarawe, majivu, udongo mwekundu, udongo mweusi. Jana aliniuliza juu kabisa aweke nini. Nikamwambia aache nafasi, kwa sababu tabaka letu mto ndio kwanza unalitandika, kule chini maji yanakotulia. Vigae vya paa la Baba viko huko, na chokaa ya buluu ya Mama, na matofali yako mabovu uliyoyang'oa kwa mikono. Vyote vitafunikwa na tope. Halafu siku moja atakuja mtu, labda mpenda udongo kama wewe, atachimba hapo na kuvikuta vimelala pamoja. Hatakuwa na wa kumuuliza. Atadhani ilikuwa nyumba moja.

Dada yako